Maumivu Hayasubiri Rufaa

Mzazi wa Kanda ya Ziwa akiambiwa kwamba mtoto wake ataandikishwa kwenye tiba shufaa, mara nyingi anachosikia ni kwamba madaktari wameshindwa. Anauliza kama arudi nyumbani akaandae msiba. Wengine hawaulizi kitu. Hukusanya kanga na sufuria usiku huohuo, wakapanda basi la alfajiri, na wodi haiwaoni tena. Naanza na hofu hiyo kwa sababu ndiyo inayowanyima watoto wengi huduma waliyoihitaji tangu siku ya kwanza ya ugonjwa wao.

Shirika la Afya Duniani lililiweka wazi jambo hili mwaka 1998. Tiba shufaa ya mtoto ni kumhudumia mwili, akili na roho, na kuishika mkono familia yake, na huanza pale ugonjwa unapogundulika, awe anapewa dawa za kumponya au hapewi. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa kwenye dripu za saratani na kwenye tiba shufaa wiki hiyohiyo. Anaweza kupona kabisa na kuwaaga wauguzi wake akitembea kwa miguu yake. Na kama hatapona, timu iliyomzoea tangu mwanzo ndiyo itakayokuwa naye mwishoni, badala ya watu wapya wanaoitwa wakati mama hana tena nguvu ya kumwamini mgeni.

Hofu hiyo naitazama kutoka Isaka, mkoani Shinyanga. Isaka iko kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928. Leo ni bandari kavu: makontena ya Rwanda na Burundi hushushwa hapa kutoka kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori. Upande wa magharibi ni Kahama, na zaidi ya hapo ni machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu na Geita, ambako wanaume wengi huenda kutafuta riziki na kurudi baada ya miezi. Wanawake wanapika kwa ajili ya madereva, wanalima mpunga na mahindi, wanalea. Ni mji wa watu wachangamfu na wenye kazi nyingi. Mtoto akiugua maradhi mazito, ni mama na bibi wanaoanza safari.

Safari hiyo inajulikana. Kwanza ni duka la dawa, kisha zahanati, ambako homa yoyote hupimwa malaria, na mara nyingi malaria kweli ipo, kwa hiyo kilichojificha nyuma yake hakionekani. Uvimbe ukiendelea, anaitwa mganga wa jadi. Ng'ombe mmoja anaondoka, chale zinachanjwa. Baadaye ni hospitali ya Kahama au ya mkoa, Shinyanga, na hatimaye barua ya rufaa kwenda Bugando, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima cha mawe jijini Mwanza. Huko kinakatwa kipande cha nyama, kinapelekwa maabara, majibu yanasubiriwa. Kati ya uvimbe wa kwanza na dawa ya kwanza zinaweza kupita wiki nyingi, na katika nyumba nyingine miezi. Muda wote huo mtoto anaumwa. Anaumwa kwenye basi, anaumwa kwenye foleni, anaumwa akisubiri majibu. Anapewa parasetamo, kwa sababu ndiyo iliyopo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema tujenge kwanza uwezo wa kuponya, halafu tiba shufaa itafuata. Maumivu hayasubiri majibu ya maabara. Daktari anaweza asijue bado ni saratani ya aina gani, lakini anajua mtoto hajalala siku 3.

Saratani inayotajwa zaidi kwa watoto wa ukanda huu ina jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita aangalie mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Burkitt akaanza kuwatafuta wengine, akaandika juu yao mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake 2 wakasafiri kwa gari kuukuu kilomita zipatazo 16,000, wakipita hospitali moja hadi nyingine Afrika ya Mashariki na Kusini kuuliza uvimbe huo unaonekana wapi. Jibu walilopata ni ramani: uvimbe ulifuata maeneo ya joto na mvua, ndiyo maeneo ya malaria. Nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria zilikuwa ndani ya ramani hiyo, na bado zimo.

Uvimbe wa Burkitt unaweza kukua mara mbili kwa siku 1 au 2. Meno yanalegea, jicho linasukumwa nje, tumbo linajaa. Lakini ni saratani inayosikia dawa kuliko nyingi, na mtoto anayewahi na kumaliza dozi ana nafasi nzuri ya kupona. Tatizo kubwa ni kumaliza. Mama aliyekaa Mwanza wiki 6, ambaye mazao yake yanakauka Isaka na watoto wengine wako kwa jirani, anafika mahali anarudi nyumbani, hasa pale uvimbe unaposinyaa baada ya dozi ya kwanza na mtoto akaonekana mzima. Anayemrudisha wodini si daktari wa saratani peke yake. Ni yule afisa ustawi wa jamii anayejua nauli imekwisha, na yule nesi aliyezungumza naye juu ya kichefuchefu cha mtoto kabla hakijamtia hofu. Hiyo nayo ni tiba shufaa, na inaokoa maisha.

Kuna watoto wengine wanaosahaulika tunapozungumzia saratani tu. Nchini Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, yaani sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi. Mtoto wa sikoseli anashikwa ghafla na maumivu ya mifupa yanayomfanya alie hadi sauti ikauke, kesho kutwa anacheza mpira, na kwa sababu hiyo watu wazima humwona anadeka. Walimu humwita mvivu. Wahudumu wengine wa afya wanasita kumpa dawa kali kwa kuwa alikuja pia mwezi uliopita. Maisha yake yote yatakuwa ya namna hiyo, na anahitaji mtu anayejua maumivu yake kwa jina na anayemwamini anaposema yanamuuma. Kisha wako wenye mtindio wa ubongo, ambao kulishwa uji kunachukua saa nzima kwa hofu ya kupaliwa, ambao misuli inakaza usiku, na ambao mama zao wameacha kwenda hata kanisani. Hawa hawana siku ya mwisho inayojulikana. Wana miaka. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017, watoto zaidi ya milioni 21 duniani wanahitaji tiba shufaa, na kama milioni 8 kati yao wanahitaji timu ya wataalamu, kwa kuwa mahitaji yao yanazidi uwezo wa mhudumu wa kawaida.

Utaalamu huo unaanza na dawa moja. Mofini ya kunywa, dawa kali ya kutuliza maumivu, hutengenezwa kwa unga unaochanganywa na maji safi na dawa ya kuzuia isiharibike, basi. Anne Merriman, daktari Mwingereza aliyeanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, alijenga kazi yake yote juu ya chupa hiyo. Huko Uganda hutiwa rangi tofauti kulingana na nguvu yake ili hata bibi asiyejua kusoma asichanganye. Mtoto hupewa kwa sirinji isiyo na sindano, kipimo kikifuata uzito wake, kila baada ya saa 4, bila kusubiri maumivu yarudi. Ukingoja alie ndipo umpe, utahitaji dawa nyingi zaidi, na atakuwa amejifunza kuiogopa saa. Pamoja na mofini anapewa dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Mhudumu anayesahau hilo anampa mtoto maumivu mapya.

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliondoa kodeini kwenye ngazi za maumivu ya watoto. Miili ya watoto huibadilisha kodeini kwa namna isiyotabirika, mmoja haimsaidii kitu na mwingine inamzidi. Zikabaki ngazi 2: parasetamo au ibuprofeni kwa maumivu madogo, na mofini kwa yaliyozidi. Maana yake kwa zahanati ya pembezoni mwa Isaka ni nzito. Kama parasetamo haikutosha, hakuna kituo cha katikati. Ni mofini, au mtoto abaki alivyo.

Hofu zipo, na si za kubezwa. Mzazi anaogopa mtoto atakuwa teja. Ukweli ni kwamba mtoto anayepewa mofini kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo sahihi na akifuatiliwa, ni nadra sana kufikia huko. Na maumivu yakiisha, dawa hupunguzwa taratibu mpaka inaachwa. Hofu ya pili ni kubwa zaidi vijijini. Mtoto aliyekosa usingizi kwa wiki nzima hupewa dozi za kwanza akalala muda mrefu, na bibi anauliza, "Mjukuu wangu mmempa nini?" Kumbe anafidia usingizi alioukosa. Nesi aliyefunzwa humweleza bibi jambo hilo kabla halijatokea, humwonyesha namna ya kuhesabu pumzi, humwachia namba ya simu. Dawa ni ileile, lakini bila maelezo hayo chupa hutupwa chooni siku ya pili.

Katika ripoti yake ya mwaka 2017, Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilipima mofini na dawa za jamii yake zinazosambazwa duniani, ikakuta tani 298.5 kwa mwaka. Nchi maskini zaidi zilipata tani 0.1. Tume hiyo ikakadiria watoto karibu milioni 2.5 hufa kila mwaka wakiwa katika mateso makubwa, zaidi ya 98 kati ya kila 100 wakiwa katika nchi zinazoendelea. Dawa yenyewe ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wa Kenya wanaoachwa na maumivu yasiyo ya lazima, na kilichoelezwa humo kinajulikana pande zote za ziwa: sheria zinazoiona mofini kama dawa ya kulevya kabla ya kuiona kama tiba, na wahudumu waliohitimu bila kufundishwa kuitumia. Uganda ilichukua hatua ya ujasiri. Tangu mwaka 2004 nesi na tabibu waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kisheria kuandika mofini, kwa sababu serikali ilikubali kwamba mgonjwa wa kijijini huenda asimwone daktari kamwe.

Tanzania nayo ina historia yake, na tusiipuuze. Ocean Road, hospitali ya zamani ya Wajerumani pwani ya Dar es Salaam, ikawa taasisi ya saratani mwaka 1996, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mlango wa mofini ya kunywa nchini. Selian, hospitali ya Kanisa la Kilutheri (KKKT) mjini Arusha, ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani, na Muheza mkoani Tanga ikafuata njia hiyohiyo. Wakati UKIMWI ulipokuwa unaua bila dawa, wahudumu wa majumbani wa makanisa na wa shirika la PASADA jijini Dar es Salaam walibeba kazi hii kwa baiskeli. Kwa watoto, mabadiliko makubwa yalionekana Muhimbili, hospitali ya taifa jijini Dar es Salaam, ambako shirika la Tumaini la Maisha na daktari Trish Scanlan kutoka Ireland waliweka pamoja mambo yaliyokuwa yametawanyika: matibabu ya saratani bila malipo, nyumba ya kufikia wazazi wanaotoka mikoani, darasa wodini ili mtoto asipoteze shule, michezo, na tiba shufaa. Mtandao wa hospitali zinazotibu saratani za watoto sasa unaifikia Bugando. Kwa mtoto wa Isaka, Dar es Salaam imesogea hadi Mwanza. Haijasogea zaidi ya hapo.

Lakini huduma hii hufanya nini hasa ndani ya nyumba? Takwimu za hospitali haziulizi swali hilo.

Kwanza inabadilisha usiku. Nyumba yenye mtoto anayeumia haina usiku. Mama analala ameketi ukutani na mtoto mapajani, wadogo zake wanaamka kila akilia, asubuhi hakuna aliye na nguvu ya kwenda shambani au kufungua genge. Hasira zinaingia. Mume anayepiga simu kutoka machimboni anasikia kilio, anakata, anaacha kupiga. Maumivu yakitulizwa, kila mtu katika nyumba ile analala, na watu waliolala wanaweza kuzungumza. Huwa tunapima faida ya dawa kwa mgonjwa peke yake, na kwa mtoto kipimo hicho ni kifupi mno.

Jambo jingine nalitaja kwa uzito kwa sababu ya mahali tulipo. Shinyanga na Geita zimebeba kwa miaka mingi aibu ya mauaji ya vikongwe wanaotuhumiwa uchawi. Mtoto anavimba taya au anadhoofu bila sababu inayoonekana, ukoo unatafuta mkono uliomfanyia hivyo, na macho yanamgeukia ajuza mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni. Ugonjwa usioelezwa ni hatari kwa watu wengi kuliko mgonjwa. Daktari wa wodi yenye vitanda vilivyojaa ana dakika 5 za kutaja jina la ugonjwa kwa mama mmoja, ambaye hawezi kulirudia mbele ya wakwe. Mhudumu wa tiba shufaa kazi yake ni kukaa. Anakaa na baba, na baba mdogo, na shangazi, na bibi mwenyewe, anaeleza kwa Kiswahili na kwa Kisukuma kwamba ugonjwa wa damu wa mtoto umerithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, au kwamba saratani hii haikutumwa na mtu. Anarudia tena wiki ijayo, maana maelezo ya namna hii hayaingii mara moja. Mganga wa jadi naye anaweza kualikwa kwenye kikao. Ni afadhali ajue kwamba chale juu ya uvimbe ni kidonda kipya, akabaki na heshima yake ya kuifariji familia. Siwezi kuthibitisha kwa namba ni vikongwe wangapi wangenusurika kwa vikao kama hivyo. Lakini naamini kwamba kuueleza ukoo ukweli ni sehemu ya matibabu sawasawa na sirinji.

Ndugu wa mgonjwa ni watoto pia. Dada wa miaka 10 anaacha shule ili apike na kumbeba mdogo wake, na hakuna anayemwambia kinachoendelea. Anasikia watu wakinong'ona. Anafikiri pengine ni kosa lake, kwa kuwa siku moja aligombana na mgonjwa akamtakia mabaya. Timu zilizofunzwa humtafuta dada huyu. Humwuliza anaogopa nini, humpa kazi ndogo inayomfaa kama kuandika saa za dawa kwenye daftari, humtetea arudi shule. Nimesoma maelezo mengi ya kazi hii, na naliona jambo hili kuwa kati ya yale mazuri kuliko yote, ingawa halionekani kwenye ripoti yoyote ya wizara.

Jambo gumu kuliko yote ni kumwambia mtoto kwamba huenda asipone. Kwetu kifo hakitajwi mbele ya mtoto. Anafukuzwa akacheze nje. Mtafiti Myra Bluebond-Langner alikaa kwenye wodi ya watoto wenye saratani ya damu nchini Marekani, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1978 alionyesha kwamba watoto walijua wanakufa bila kuambiwa na mtu, na walificha wanachojua ili kuwalinda wazazi. Kila upande ulikuwa unalia peke yake. Nchini Sweden, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwauliza wazazi waliofiwa na watoto wenye saratani kama walizungumza nao juu ya kifo. Wazazi 147 walikuwa wamezungumza. Hakuna hata mmoja aliyejuta. Kati ya 258 ambao hawakuzungumza, 69 walijuta.

Isaka si Sweden, na sisemi kila mama avunje ukimya kesho asubuhi. Lakini mtoto wa Isaka naye hugawa vitu vyake. Humpa mdogo wake kandambili mpya, akasema hazimtoshi. Huuliza babu aliyekufa anakula nini huko aliko. Hayo ni maswali yanayotafuta mlango, na mtu aliyefunzwa humsaidia mama asiufunge kwa kusema "nyamaza, utapona". Anaweza kumrudishia swali: "Wewe unaonaje?" Kisha anasikiliza. Padri, mchungaji au shehe anayeheshimiwa na familia anaweza kuwa mtu huyo, na mara nyingi anafaa kuliko daktari.

Je, yote haya yana ushahidi? Upo. Mwaka 2000 Joanne Wolfe na wenzake wa Boston waliwahoji wazazi 103 waliopoteza watoto kwa saratani. Kwa maelezo ya wazazi hao, watoto 89 kati ya kila 100 waliteseka sana katika mwezi wao wa mwisho, na miongoni mwa waliotibiwa maumivu, matibabu yalifanikiwa kwa 27 tu kati ya kila 100. Na Boston ni mojawapo ya miji yenye hospitali bora duniani, ambako mofini haikuwahi kuwa haba. Kilichokosekana ni watu waliopewa kazi hiyo. Hospitali za mji huo zikaunda timu ya tiba shufaa ya watoto, na miaka 8 baadaye watafiti walirudi na kukuta wazazi wakieleza mateso pungufu na wakisema walikuwa wamejiandaa zaidi kwa yaliyokuja. Kwangu matokeo hayo yana uzito wa pekee, kwa sababu yanatuondolea kisingizio kwamba jambo hili ni la fedha tu.

Kwa Isaka hatuanzi na mikono mitupu. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga kabla Rais Samia Suluhu Hassan hajauzindua kwa nchi nzima mwaka 2022. Mjamzito au mtoto mchanga anayezidiwa anaombewa usafiri kwa namba 115 bila malipo, na ambulansi isipopatikana, dereva wa jirani aliyesajiliwa anampakia na kulipwa kwa simu. Mkoa uliotangulia kulijaribu hilo unaweza kulipanua kwa mtoto wa saratani anayetakiwa Bugando kwa dozi ya tatu. Kadhalika, tarehe 31 Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, 137,294 kwa miaka 5. Hawa watapita nyumba kwa nyumba. Wakifundishwa kumtazama mtoto usoni na kumwuliza maumivu yako wapi, kwa picha za nyuso za kucheka na kulia, watajua kabla ya mtu mwingine yeyote ni nyumba gani haijalala. Hawatahitaji kuandika mofini. Watahitaji nesi mmoja Kahama mwenye ruhusa ya kuiandika, stoo isiyoishiwa, na simu inayopokelewa.

Haya yote yanawezekana katika mji ambao mizigo ya nchi jirani hupita kila siku na ambako reli mpya ya kisasa inajengwa kutoka Mwanza. Chupa ya mofini ni nyepesi kuliko chochote kilichowahi kushushwa kwenye stesheni ya Isaka. Uamuzi wa kuileta uko mikononi mwa watu wanaojulikana: wizara inayoweza kuwapa manesi waliofunzwa mamlaka ya kuiandika kama ilivyofanya Uganda, halmashauri zinazopanga bajeti za dawa, na vyuo vya uuguzi vinavyoamua nini kifundishwe.

Na wewe mzazi unayesoma ukiwa na mtoto mgonjwa mgongoni, una haki ya kuomba tiba shufaa leo, bila kungoja mtu aitaje kwanza. Kuiomba hakumtoi mtoto wako kwenye matibabu. Kabla hujatoka wodini na kupanda basi la kurudi nyumbani, mwulize daktari au nesi: maumivu yakirudi saa 8 usiku, nimpe nini, kiasi gani, na nimpigie nani simu? Andika jibu kwenye daftari la kliniki, pamoja na jina na namba. Usikubali kuondoka bila jibu hilo.